Nyumba Inayozalisha Inachotumia: Hesabu ya Pwani si Hesabu ya Ulaya

Paa la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu huko Mbagala, Kigamboni au Nyali lina ukubwa wa mita za mraba 100 hivi. Kwa wastani wa mwaka, kila mita ya mraba ya paa hilo hupokea kutoka kwenye jua nishati ya karibu uniti 5 (kilowati-saa 5) kwa siku. Paa zima basi hupokea uniti 500 tangu asubuhi hadi magharibi, wakati familia iliyo chini yake, yenye friji, televisheni, taa, feni na pasi, haimalizi uniti 6 za umeme. Kwa tofauti kubwa namna hiyo, mtu anaweza kudhani jibu limeshapatikana: funika kipande cha paa kwa paneli za sola, na nyumba imejitosheleza.

Paneli kweli zimekuwa rahisi. Kati ya 2010 na 2020 bei yake duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90. Lakini nyumba inayozalisha nishati sawa na inayoitumia huamuliwa kwanza kwenye ramani, kabla ya tofali la kwanza kulazwa, na huamuliwa tena kwenye daftari la hesabu, pale tunapochagua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Kwa ukanda wetu lengo hili liko karibu kuliko lilivyo kwa Ujerumani au Uingereza. Sisi wenyewe tunalisogeza mbali, kwa namna tunavyochora na kuezeka, na kwa kujifanya hatulioni jiko.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwenye baridi. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, nchi za Ulaya Kaskazini zilijikuta zinagharimika vibaya kupasha nyumba joto. Miaka miwili baadaye, huko Lyngby karibu na Copenhagen, Vagn Korsgaard na Torben Esbensen wa chuo kikuu cha ufundi cha Denmark walijenga nyumba waliyoiita ya nishati sifuri. Ilikuwa na mita za mraba 42 za vikusanya joto la jua, kuta zilizojazwa kizuia joto kinene, na tangi la maji la lita 30,000 ambalo kazi yake ilikuwa kuhifadhi joto la kiangazi litumike wakati wa majira ya baridi. Mwaka 1991, huko Darmstadt nchini Ujerumani, Wolfgang Feist, aliyekuwa ameliendeleza wazo hilo pamoja na Bo Adamson wa Sweden, alikamilisha nyumba nne zilizounganishwa ambazo zilionyesha kwamba kuta nene, madirisha ya vioo vitatu na uzibaji makini wa mianya vinaweza kushusha hitaji la joto hadi chini ya uniti 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Mwaka 1994 Rolf Disch akajenga Freiburg nyumba yake ya mduara inayozunguka kulifuata jua, ikazalisha umeme mara kadhaa zaidi ya inaoutumia.

Kuna jaribio jingine la Freiburg, la mwaka 1992, ambalo ndilo hasa linatufundisha. Taasisi ya Fraunhofer ilijenga nyumba iliyokatwa kabisa na gridi. Ili ivuke majira ya baridi, ililazimika kutumia umeme wa ziada wa kiangazi kutengeneza haidrojeni, kuihifadhi kwenye matangi, kisha kuitumia wakati jua linapotoweka kwa wiki nyingi. Nyumba ilifanya kazi, lakini kwa mtambo ambao hakuna familia ya kawaida ingeumudu. Adui wa wajenzi wa Ulaya alikuwa miezi sita: jua la Juni lilipaswa kufika Desemba.

Pwani ya Afrika Mashariki haina miezi sita hiyo. Masika huleta mawingu na uzalishaji wa paneli hupungua, lakini haukauki. Dar es Salaam, kilowati moja ya paneli, inayochukua takriban mita 5 za mraba, hutoa karibu uniti 4 kwa siku kwa wastani wa mwaka, na mwezi mbaya hauko mbali na mwezi mzuri kama ilivyo Denmark. Hatuna pia nyumba ya kupasha joto. Sisi tunachopaswa kuvuka ni usiku mmoja, kisha mwingine, na usiku mmoja unaingia kwenye betri ya ukubwa wa begi la safari. Ni faida kubwa tuliyopewa bila kuitolea jasho.

Sasa tuangalie tunavyoipoteza.

Nyumba nyingi zinazojengwa leo pembezoni mwa miji ya Tanzania ni za paa la kuficha: kuta zinapandishwa juu kuzunguka bati lenye mwinamo mdogo ili nje ionekane kama boksi safi la kisasa. Mtindo huo unapendeza kwenye picha. Lakini ukishaficha paa umeondoa upenu, na ukiondoa upenu jua linapiga ukuta na dirisha moja kwa moja, na mvua ya upepo inalowesha plasta. Wengine wanaezeka kwa bati za msauzi za rangi ya damu ya mzee au kijivu cheusi. Adhuhuri, jua hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati la rangi nzito hunywa sehemu kubwa ya joto hilo, hupanda hadi nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, kisha huishushia dari ya jipsamu, na dari humshushia aliyelala chini yake. Ndiyo maana chumba cha kulala huwa cha moto saa nne usiku wakati nje pameshapoa.

Mwenye nyumba hununua kiyoyozi. Cha chumba kimoja huvuta takriban kilowati moja kinapofanya kazi, na usiku mzima hula uniti 4 hadi 7 kulingana na aina yake na jinsi chumba kilivyozibwa. Vyumba vitatu ni uniti 16 hivi kwa wastani, zaidi ya mara mbili ya matumizi mengine yote ya nyumba. Tena zote zinatumika usiku, wakati paneli zimelala, kwa hiyo zinadai betri, na betri ndiyo sehemu ghali ya mfumo mzima. Fundi wa sola akija kupiga hesabu anaonekana mlanguzi, kumbe bei imepandishwa na paa.

Waliojenga pwani kabla ya umeme walilijua jua kuliko sisi tunavyolijua. Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa Lamu ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba vinavyofuata urefu wa boriti za mikoko, dari za juu, ua katikati, na vichochoro ambavyo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Nyumba nyingi za Lamu zilikuwa na orofa ya juu iliyo wazi chini ya makuti, mahali pa kukaa upepo unapovuma. Tusizipambe kupita kiasi, kwa sababu ukuta mnene una pande mbili. Mchana huchelewesha joto, ndiyo sababu vyumba vya chini vya Mji Mkongwe huwa baridi saa nane. Lakini pwani usiku hauna ubaridi wa kutosha kuupoza ukuta huo, na joto lililofyonzwa hurudi chumbani wakati wa kulala. Busara ya wazee ilikuwa kugawa nyumba: chini kwa mchana, juu kwenye ujenzi mwepesi na upepo kwa usiku. Hilo ndilo la kuiga, kuliko kubandika mlango wa nakshi kwenye boksi la saruji.

Kwa anayejenga leo, mambo machache yana uzito kuliko yote mengine. La kwanza ni mwelekeo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Desemba liko kusini, nyuzi 73. Jua la juu namna hiyo ni rahisi kulizuia: upenu wa sentimita 90 hukitia kivuli kipande cha mita moja na nusu cha ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni. Jua la asubuhi na la jioni, linaloingia limelala kutoka mashariki na magharibi, halizuiliki kwa upenu wowote. Kwa hiyo pande ndefu za nyumba zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini, na magharibi iachiwe stoo, choo, jiko, au mti. Tatizo ni kwamba kiwanja hukatwa kufuata barabara, na nyumba hugeuzwa uso kufuata geti. Anayegawa viwanja, akichora barabara zake nyingi zikitoka mashariki kwenda magharibi, amezipoza nyumba mia mbili kabla hazijajengwa.

La pili ni upepo. Kusi na kaskazi zimevusha majahazi karne nyingi. Zinatosha kupoza chumba cha kulala zikipata njia ya kuingia na, jambo linalosahaulika, njia ya kutoka. Dirisha la aluminiamu la kuslaidi hufunguka nusu tu. Weka wavu wa mbu, umepunguza tena. Madirisha ya luva yaliyowekwa kwenye nyumba nyingi za miaka ya 1960 na 1970 yalifunguka karibu yote, na sasa yanang'olewa kana kwamba ni aibu. Kisha mwenye nyumba anazungusha ukuta wa uzio wa matofali mazima, mrefu kuliko kimo cha mtu, mita mbili kutoka dirishani, na kuuzuia upepo kabla haujafika. Uzio wa matofali ya matundu ungelinda vilevile na kuacha hewa ipite. Mahali upepo usipofika, feni hufanya kazi ya ajabu kwa gharama ndogo: hewa inayotembea mita moja kwa sekunde humfanya mtu ahisi kana kwamba joto limeshuka nyuzi 3 hivi, na feni za kisasa za injini ya DC hula wati 25 hadi 30, chini ya nusu ya zile za zamani.

La tatu ni paa lenyewe, na hapa kuna bahati njema. Bati jeupe jipya hurudisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga wa jua. Nafasi kati ya bati na dari, ikiwa na matundu ya hewa chini ya upenu na kwenye kilele, huondoa joto kabla halijashuka. Na paneli zenyewe, zikiinuliwa sentimita 15 hivi juu ya bati, hulitia paa kivuli huku upepo ukipita chini yake. Upepo huo huzifaa paneli pia, maana hazipendi joto: kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza uwezo wake kwa takriban asilimia 0.4, na paneli ya nyuzi 60 imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ziinamishwe angalau nyuzi 10, mvua iweze kuosha vumbi, chumvi na uchafu wa kunguru. Karibu na bahari, vibano vya chuma cha kawaida haviishi. Viwe vya aluminiamu na chuma kisichoshika kutu. Kenchi nazo zihesabiwe uzito huo tangu mwanzo, maana kuimarisha paa lililokwisha kuezekwa ni kazi mara mbili.

Nyanda za juu ni habari nyingine, na nitaipita haraka. Nairobi, Arusha na Mbeya zina usiku wa baridi, kwa hiyo huko ukuta mnene unaoshika joto la mchana ni rafiki, na jua la asubuhi lifunguliwe mlango. Mzigo mkubwa wa umeme ni maji ya kuoga: shawa ya umeme huvuta kilowati 4 hadi 5 papo hapo, na familia ya watu watano ikioga kwa dakika kumi kila mmoja imemaliza uniti 4 hivi kabla ya kwenda kazini. Kikusanya joto cha juu ya paa hufanya kazi hiyo bila umeme kwa siku nyingi za mwaka, na Kenya ilitoa kanuni za kulazimisha matumizi yake kwa majengo yenye mahitaji makubwa ya maji moto mwaka 2012. Kwa jengo la kazi kuna mfano unaojulikana: ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, zilizozinduliwa Machi 2011 na Ban Ki-moon na Rais Mwai Kibaki, zilizobuniwa zizalishe kutoka paani nishati sawa na zinayoitumia. Hazikufanikishwa na paneli pekee. Ua wa katikati ulioruhusu mwanga wa mchana, hewa inayopanda yenyewe bila viyoyozi, na taa na kompyuta zinazotumia kidogo vilipunguza mzigo kwanza.

Turudi nyumbani tufungue daftari. Friji nzuri, uniti 1 kwa siku. Feni tatu za DC kwa saa kumi, chini ya uniti 1. Televisheni, karibu nusu uniti. Taa za LED, robo. Simu, ruta na pasi, nusu nyingine. Jumla ni kama uniti 3. Paneli tatu za kisasa, zenye wati 400 na ushei kila moja, zinatoa karibu uniti 5. Nyumba iliyochorwa vizuri, isiyohitaji kiyoyozi, inavuka mstari kwa paneli tatu. Ile ya paa la kuficha yenye viyoyozi vitatu inahitaji paneli kumi na mbili au zaidi pamoja na betri kubwa. Hapo ndipo ubunifu unapogeuka fedha.

Kwa Tanzania kuna sababu ya ziada ya kupunguza kwanza. Kwa bei zilizoanza kutumika 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, wakati mteja wa kawaida analipa 292. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku, karibu kabisa na nyumba niliyoihesabu. Kaya inayoweza kushuka hadi hapo imepata punguzo la theluthi mbili bila kununua paneli hata moja, na kwa bei hiyo ya 100 paneli zenyewe hazijilipi kirahisi. Wauzaji wa sola hawalisemi hili, na ni haki ya mnunuzi kulijua kabla hajakopa.

Lakini daftari halijakamilika. Hadi hapa nimehesabu umeme tu, kama wafanyavyo wengi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki umeme ni sehemu ndogo ya nishati. Sehemu kubwa iko jikoni. Kilo moja ya mkaa ina nishati ya takriban uniti 8. Familia inayochoma kilo moja kwa siku inatumia jikoni zaidi ya mara mbili ya inachotumia kwa vifaa vyote vya umeme, na kwa jiko la kawaida sehemu tatu kati ya nne ya joto hilo hupotea pembeni ya sufuria. Nyuma ya kilo hiyo, kwenye tanuri la udongo huko Kisarawe au Handeni, ziliungua kilo tano hadi kumi za mti. Nyumba yenye paneli zinazong'aa juu na gunia la mkaa nyuma ya mlango haijafikia sifuri yoyote. Mwanamke anayekohoa jikoni analijua hilo kuliko mita inavyoonyesha.

Mwaka 2015 Idara ya Nishati ya Marekani ilitoa tafsiri yake ya jengo la nishati sifuri: nishati yote inayoingizwa, ikihesabiwa tangu chanzo chake, isizidi ile ambayo jengo linaitoa nje kwa mwaka. Tafsiri hiyo ikipelekwa Tandale au Likoni kwa uaminifu, jambo la kwanza linalopaswa kubadilika ni jiko. Na linaweza kubadilika. Jiko la presha la umeme hupika maharage kwa chini ya nusu uniti, kwa sababu linaziba joto ndani. Shajara za mapishi zilizokusanywa katika kaya za Kenya na Tanzania zimeonyesha kwamba familia inaweza kupika milo ya siku nzima kwa uniti 2 au pungufu ikiwa na vifaa vinavyofaa. Ugali wa kusongwa na chapati vinahitaji sahani ya moto, na pilau ya harusi itabaki kwenye sufuria kubwa uani, lakini mapishi ya kila siku yanatosha kwenye paneli nyingine mbili. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Gesi ya mtungi imepewa nafasi kubwa katika mazungumzo hayo, na kweli inaokoa mapafu na misitu, ila inaagizwa kutoka nje na haitoki paani. Maharage ya saa sita mchana yanayochemka kwa jua la saa hiyohiyo hayahitaji meli wala betri.

Kitu kingine ambacho daftari hukificha ni barabara. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Mtu aliyejenga Bunju kwa sababu kiwanja cha Kinondoni kilimshinda, akienda na kurudi kilomita 40 kwenye foleni kwa gari la lita moja kwa kilomita 10, amechoma uniti 36, sawa na nyumba yake kwa zaidi ya wiki. Mabasi ya mwendokasi yakifika anakokaa yatapunguza zaidi kuliko paneli zozote. Nalitaja ili tusimsifu mtu kwa kujenga nyumba safi mahali pasipofikika.

Tuje kwenye usiku na gridi. Nyumba nyingi zinazoitwa za sifuri duniani husawazisha kwa mwaka: mchana zinaipa gridi, usiku zinachukua, mita inajumlisha. Mpango huo ni mzuri kwa nyumba ya kwanza na mgumu kwa nyumba ya laki tano. California iliagiza kwamba kuanzia Januari 2020 nyumba mpya ziwe na sola. Paneli zilivyozidi, umeme wa mchana ukawa wa ziada na jioni ukawa wa uhaba, na Aprili 2023 jimbo likakata kwa takriban robo tatu malipo ya umeme unaorudishwa na wateja wapya. Walioweka betri walisalimika. Kenya imeruhusu urudishaji wa aina hiyo katika Sheria ya Nishati ya 2019, na Tanzania ina kanuni zake za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, lakini kwa mwenye nyumba wa kawaida njia kati ya kanuni na mita inayohesabu pande zote mbili bado ni ndefu. Ushauri wangu ni kwamba asichore nyumba yake kwa kutegemea kuuza. Achore ili atumie mchana kile kinachozalishwa mchana: pampu ya kisima ijaze tangi la juu saa tano, pasi ipigwe kabla ya alasiri, maharage yachemke mchana. Tangi la maji lililoinuliwa ni hifadhi ya nishati isiyochakaa kama betri.

Visiwani hoja ya kujitegemea ina uzito wake peke yake. Unguja hupata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei na Juni 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ukakatika tena, safari hii miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulioanza kazi 2013 uliondoa adha hiyo, lakini kisiwa kizima bado kinaning'inia kwenye bahari. Waliokuwepo wanakumbuka jenereta zilivyonguruma vichochoroni na samaki walivyooza sokoni Darajani. Nyumba yenye paneli tatu na betri ndogo ingehifadhi samaki wake.

Hapa lazima niulize faida hasa ni ipi, kwa sababu jibu la Ulaya halitutoshi. Ujerumani ilijenga nyumba hizi ili kupunguza makaa ya mawe na gesi. Kenya tayari hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Tanzania imekamilisha bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye megawati 2,115. Paneli juu ya nyumba ya Nairobi hazizimi moshi mwingi mahali popote. Faida zetu ni nyingine, na kwangu zina uzito zaidi: mtoto alale bila joto, friji isizime wakati wa mgao, mkaa uondoke jikoni, na bili ishuke. Anayebuni nyumba akiwa na faida hizi kichwani atatumia fedha ya kwanza kwenye upenu, bati jeupe na jiko, na ya mwisho kwenye paneli. Anayenakili orodha ya Ulaya atafanya kinyume, atanunua madirisha ya vioo viwili kwa nyumba ambayo madirisha yake yanapaswa kuwa wazi.

Vifaa vya ujenzi navyo vimebeba nishati yao. Saruji peke yake huchangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na binadamu duniani. Matofali ya kufungamana ya udongo ulioshindiliwa, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza, hutumia saruji kidogo, hayachomwi, na hupunguza chokaa na plasta. Yanastahili heshima kubwa kuliko yanayopewa na watu wanaoona udongo kuwa alama ya umaskini.

Swali gumu zaidi linabaki kwa wasio na paa. Familia inayokaa kwenye fleti ya mita za mraba 70 katika jengo la ghorofa nne ina mgao wa mita 17 za paa. Ukitoa matangi na njia za kupita, inabaki 10, yaani kilowati 2 na uniti 8 kwa siku. Inatosha, pamoja na kupika. Kwenye jengo la ghorofa nane mgao ni nusu yake, na hapo kila kitu hutegemea kama vyumba vina hewa ya kupita pande mbili au la. Juu zaidi ya hapo, jengo haliwezi kujitosheleza kwa paa lake, na si aibu, maana limeokoa ardhi na safari. Lifungwe kwenye gridi safi na libuniwe lisile sana. Mashirika ya nyumba ya umma, Bara na Visiwani, ndiyo yanayoweza kuonyesha njia hapa, kwa kuwa yanamiliki paa zima na yana uwezo wa kugawa umeme wake kwa mita ndogo.

Na kuna mpangaji. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba familia, mita ya umeme (LUKU) ni moja. Matumizi yao yakijumlishwa huvuka uniti 75, kwa hiyo watu wenye kipato kidogo kuliko wote mtaani wanalipa bei ya juu. Aliyejenga ni mmoja na anayelipa umeme ni mwingine. Mwenye nyumba hana sababu ya kununua bati jeupe wala feni nzuri, na mpangaji hawezi kugusa paa lisilo lake. Hakuna ubunifu wa kisanifu unaoweza kulitatua hilo peke yake. Halmashauri hukagua ramani kwa ajili ya choo, umbali wa mpaka na uimara wa nguzo kabla ya kutoa kibali. Zinaweza kukagua pia upenu, mwelekeo wa madirisha, rangi ya bati na matundu ya dari, mambo ambayo hayaongezi gharama ya ujenzi kwa kiasi kikubwa yakichorwa mapema. Na mtoa huduma ya umeme anaweza kuweka mita kwa kila chumba cha kupanga, ili mjane mwenye feni moja na taa mbili alipe bei ya shilingi 100 aliyokusudiwa.